Mtunza Tope na Kipande cha Nne

Mjomba wangu alikuwa mtunza tope. Sitanii wala sitii chumvi. Kwa miaka thelathini na minne aliamka, akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda kutunza tope, na jioni akarudi nyumbani akinuka tope. Mama yangu, ambaye ni dada yake, majirani wakimuuliza kaka yako anafanya kazi gani, alijibu "serikalini" halafu akauliza habari za watoto wao.

Tope lenyewe lilitoka chini ya bahari, mbali sana, kwenye maji ya baridi ambako hata samaki nadhani wangevaa sweta kama wangekuwa na mikono. Meli ya utafiti hushusha bomba refu la chuma lenye uzito kichwani, bomba linajikita kwenye sakafu ya bahari, na likivutwa juu limejaa tope lililojipanga kwa tabaka, la kale chini, la juzi juu. Tope hilo refu waliliita mche, kama mche wa sabuni. Huukata vipande vya mita moja moja, kisha kila kipande wanakipasua kwa urefu. Nusu moja ni ya wataalamu kuchokonoa, nusu nyingine ni ya akiba, haiguswi. Zote zinafungwa kwa plastiki na kulazwa kwenye rafu za chumba baridi, na chumba hicho ndicho kilikuwa ufalme wa mjomba.

Nakijua kwa sababu nilifanya kazi jengo hilohilo, mapokezi, miaka kumi na tisa. Ukitaka kujua nani kaingia, nani katoka na nani kanuna, uliza mapokezi. Chumba baridi kilikuwa chini kabisa, ngazi ishirini na mbili, mlango mzito wenye mpini kama wa friji la bucha. Ndani nyuzijoto nne tu. Rafu zilitoka sakafuni hadi darini, na taa nyeupe zilivuma mchana kutwa. Mjomba alivaa koti nene na kofia ya sufu, akapita rafu kwa rafu akikagua vifuniko na kulowesha vipande vya sponji anavyoviweka kwenye ncha za miche ili tope lisikauke. Siku moja nilisimama mlangoni nikamsikia akiuambia mche mmoja, "Wewe umeanza kupasuka, ngoja nikuletee maji." Nilirudi juu bila kumwita. Ngazi za kwanza nilicheka, lakini nilipofika kwenye meza yangu kicheko kilikuwa kimekwisha.

Kazini walimwita Bwana Tope, naye aliitika. Mkewe alimwacha zamani, aliporudi kutoka safari yake ya tatu ya meli. Yule mama alimwambia hakuolewa na kalenda, akabeba sanduku lake. Sikumlaumu, na mjomba pia hakumlaumu. Akabaki na vyumba viwili, kitanda, meza, na viti viwili vya plastiki ambavyo kimoja bado kilikuwa na karatasi ya dukani.

"Mjomba, hiki kiti kitazeeka ndani ya karatasi," nilimwambia Jumapili moja.

"Akija mgeni nitaitoa."

"Kwani mimi ni nani?"

"Wewe ni mpwa. Keti kitandani."

Mgeni katika maisha yake alikuwa mmoja tu, naye nyumbani haji, anakuja chumba baridi. Alikuwa profesa wa chuo kikuu cha mji mwingine, mwanamke mrefu, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Alikuja kila mwaka, mwezi wa tatu, wiki mbili kamili. Alikuwa na mche wake mmoja aliousoma kama watu wanavyosoma msahafu, ukurasa uleule tena na tena, na kila mara akiona jambo jipya.

Mjomba ndiye aliyenieleza mche ule ni wa nini. Huko chini ya bahari, alisema, ardhi ina ufa mrefu. Vipande viwili vya dunia havigongani wala haviachani, vinapitana ubavu kwa ubavu, kama watu wawili waliokutana kwenye ngazi nyembamba. Pale vinapokwaruzana, moto unapata upenyo, na umejenga volkeno ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona kwa macho. Na zamani, maelfu ya miaka kabla ya babu wa babu zetu, barafu nene ya kilomita nzima ilitambaa hadi huko, ikaikalia sakafu ya bahari, halafu ikaondoka.

"Sasa Profesa anataka kujua kitu kimoja," mjomba alisema. "Volkeno ililipuka barafu ikiwa bado ipo, au barafu ilipoondoka?"

"Na akijua itamsaidia nini?"

"Atakuwa anajua."

Jibu la Profesa lilikuwa hili: barafu iliondoka kwanza. Mzigo ulipotoka mgongoni mwa ardhi, moto ukapata nafasi ya kupumua. Ushahidi wake ulikuwa kwenye kipande cha nne cha mche ule. Pale palikuwa na mstari mweusi wa majivu, upana wa vidole viwili, na chini ya mstari ule kuna mawe madogo ambayo barafu iliyabeba kutoka nchi kavu na kuyadondosha. Mawe chini, majivu juu. Kwa hiyo barafu kwanza, moto baadaye. Vipande vya jirani vilikuwa udongo wa kijivu mtupu, havisemi hivi wala vile. Juu ya kipande hicho kimoja aliandika makala kumi na moja, na mwisho wa kila makala alimshukuru mtunza ghala. Mjomba alizifunga makala hizo kwenye faili la bluu, na lugha ya kitaalamu iliyokuwemo aliielewa nusu tu.

Mwezi wa tatu ulipokaribia, mjomba alibadilika. Alinyoa kila siku. Alipiga kiatu dawa, kiatu ambacho kilikuwa kinaenda kukanyaga matone ya maji na tope. Saa nne asubuhi wawili hao walitoka kwenye baridi, wakakaa kwenye makreti mawili koridoni, nikawapelekea chai. Nilichelewesha kuondoka makusudi, maana masikio yangu hayana adabu.

"Rangi imebadilika kidogo pale sentimita ya arobaini," Profesa anasema.

"Ni hewa. Iliingia mwaka juzi."

"Ulifunika upya?"

"Nilifunika."

Mazungumzo yao ya mwaka mzima yalikuwa hayo. Nilimsakama mjomba: "Sema neno basi! Mwambie hata kitambaa chake kizuri."

"Nimesema. Nimemwambia habari ya hewa."

Nilikasirika. Mimi kimya sikiwezi, na nilikuwa najisifu kwamba mimi ni mtu wa kusema ukweli hata kama unachoma. Kimya cha mjomba nilikiona ni woga. Nayasema haya ili mjue mtu anayewasimulia ni wa namna gani.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, taasisi ilinunua mashine ya kupiga picha za ndani ya miche, mfano wa eksirei ya hospitali. Mjomba akaagizwa apitishe nusu zote za akiba, zile ambazo hazijaguswa tangu melini. Alianza rafu ya kwanza mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kwanza, tarehe kumi na saba, akafika kwenye mche wa Profesa.

Saa nne nilimwona anapanda ngazi na kofia ya sufu kichwani. Hajawahi kupanda nayo. Nilijua kuna jambo.

"Njoo chini," alisema.

"Na mapokezi nimwachie nani?"

"Njoo, mwanangu."

Nilishuka. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na picha ya kijivu ya kipande cha nne, nusu ya akiba. Ile nusu nyingine Profesa alikuwa ameichota kijiko kwa kijiko kwa miaka, imebaki ganda tupu.

"Ukimwaga mchanga kwenye ndoo ya maji," mjomba aliniuliza, "kipi kinatangulia kufika chini?"

"Kizito."

"Na kilaini?"

"Kinafuata, kinatua juu."

"Majivu ya volkeno ni vivyo hivyo. Sasa tazama."

Hata mimi, fundi wa kupokea simu, niliona. Kwenye mstari wa majivu, ambao kwa macho ni mweusi mtupu, punje kubwa zilikuwa juu, unga laini ulikuwa chini. Akanionyesha na vishimo vya minyoo. Mnyoo wa baharini huchimba kutoka juu kwenda chini, lakini hawa wote walikuwa wanachimba kuelekea juu, kama waliokata tamaa na dunia.

"Kipande kimelala kichwa chini," mjomba alisema. "Miaka ishirini na sita."

"Nani mpumbavu aliyekigeuza?" nilifoka.

"Mimi."

Alinieleza akiwa amesimama, mikono mifukoni. Kwenye meli yake ya kwanza, alikofanya kazi safari tatu, desturi ilikuwa mche ukilazwa kwenye fremu ya sitahani, kichwa chake kielekee tezi, yaani nyuma ya meli. Kwenye meli iliyouchimba mche wa Profesa desturi ilikuwa kinyume, kichwa kielekee omo, mbele. Alikuwa ameambiwa, na alikuwa amekumbuka. Ila siku ile ya kwanza, walipofika kipande cha nne, msumeno ulikwama. Meli ilikuwa inayumba. Akakiinua kipande kwenye fremu kisije kikabiringika baharini, akakikumbatia kifuani robo saa nzima mpaka msumeno ukapona. Kisha akakirudisha mahali pake, akakifunika ncha zote mbili, akachora mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Kichwa kilijua ni meli mpya, lakini mikono ilikilaza kama kwenye meli ya zamani.

Kwa hiyo mawe yalikuwa juu na majivu chini. Volkeno ililipuka barafu ikiwa bado haijaondoka. Makala kumi na moja zilikuwa zimesimama kichwa chini. Na kulikuwa na baya zaidi: Profesa alikuwa amemwandikia mjomba kwamba kitabu chake, kazi ya maisha yake yote, kinaingia kiwandani kuchapwa mwezi wa nne, na sura yake kubwa kuliko zote ni kipande cha nne.

Nilifunga mlango. Nikamwambia hivi, neno kwa neno, na leo naona haya: "Mjomba, futa hiyo picha. Andika mashine ilikosea. Ile nusu ya kuchokonoa imekwisha, hii ya akiba haifunguliwi, na wewe mwezi wa sita unastaafu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe ulijua kukaa kimya maisha yako yote! Ukimwambia, huyo mama atakuja kufanya nini tena hapa? Umelifikiria hilo?"

Aligeuka kuniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, ingawa huenda ilikuwa baridi.

"Hilo ndilo nililolifikiria kwanza," alisema.

Mwezi wa pili wote alikuwa kama mgonjwa. Chakula nilichompelekea nilikikuta kesho yake kilivyo. Sikumuuliza kaamua nini. Nilitumaini amemeza, maana kumeza alikuwa amezoea, na nilijishawishi kwamba nina nia njema. Kila nilipoona bahasha yenye muhuri wa chuo kile nilishtuka.

Mwezi wa tatu Profesa alikuja, akasaini kitabu cha wageni, akaniuliza hali. Nilimwambia hali ni nzuri. Nilichukua sinia ya chai kabla ya wakati wake nikamfuata, nikasimama mlangoni mwa chumba baridi na sinia mkononi.

Mjomba alikuwa amenyoa. Kipande cha nne kilikuwa mezani, plastiki imefunguliwa, na pembeni yake kuna mshale mpya wa wino mwekundu unaoelekea upande ambao haukuwa ule wa zamani. Profesa alivaa miwani yake, akainama. Akainama zaidi.

"Umekigeuza, Bwana Tope?"

"Nilikigeuza siku ile melini, Profesa. Leo nimekirudisha."

Akamwonyesha picha. Hakuhitaji kumweleza habari ya ndoo na mchanga. Profesa alifuata mstari wa majivu kwa kidole, kisha vishimo vya minyoo. Nilitaka apige kelele, amtukane, nimjibu. Hakufanya hivyo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Umejua lini?"

"Tarehe kumi na saba, mwezi wa kwanza."

"Leo ni mwezi wa tatu. Kwa nini hukunipigia simu siku hiyohiyo?"

Mjomba alivua kofia yake ya sufu. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, na sikuwa nimegundua.

"Nilitaka uje mara moja zaidi," alisema.

Mwanamke mwingine angesikia. Labda na yeye alisikia, siwezi kuapa. Alisema tu, "Naomba kiti," na mjomba akaenda kumletea kreti kutoka koridoni.

Hakukaa wiki mbili. Alikaa siku tatu, anapima, anaandika, hanywi chai. Alitumia simu ya mezani kwangu kukizuia kitabu kisiingie kiwandani, na sauti yake ilikuwa kavu kama mtu anayeahirisha miadi ya daktari wa meno. Siku ya nne alimpa mjomba mkono. "Asante kwa kuniambia," alisema. Nilimfungulia mlango wa nje, akaondoka na mkoba wake.

Mwezi wa sita mjomba alistaafu. Mkurugenzi alitoa hotuba ya dakika nne na kumwita mhimili wa taasisi, halafu akawahi kikao. Masahihisho ya Profesa yalitoka kwenye jarida lao mwishoni mwa mwaka: ukurasa mmoja na nusu, barafu na moto vimebadilishana nafasi, kosa limetajwa kwamba lilitokea wakati wa kushughulikia mche sitahani. Mtunza ghala hakutajwa kwa lawama, na kwa shukrani pia hakutajwa. Mjomba aliisoma mara mbili, akasema iko sahihi, akaitia kwenye faili lake la bluu.

Kisha mwezi wa tatu ukafika tena. Jumatatu asubuhi naangalia mlangoni, mjomba huyo. Shati limepigwa pasi, kidevu kimenyolewa, kiatu kinang'aa.

"Nimepita tu," alisema, akakaa kwenye benchi la wageni.

Alipita tu Jumanne. Akapita tu Jumatano. Kila mlango ukifunguliwa alinyanyua kichwa, na alipoona ni mtu wa maji au wa barua alitazama tena viatu vyake. Saa nne nilimpa chai, akanishukuru kama mgeni. Wiki mbili nzima. Sijawahi kuona mtu akiwa mpweke hadharani namna ile, mbele ya watu wanaopita wakimsalimia.

Ijumaa ya mwisho uvumilivu ulinishinda. Nilitafuta namba kwenye kitabu cha wageni, nikaenda chumba cha nyuma, nikampigia Profesa. Nilijitambulisha, akanikumbuka.

"Mwaka huu hujaja," nilisema.

"Kufanya nini?" aliuliza, bila ubaya wowote. "Ule mche nimeumaliza. Sina kazi tena huko."

"Lakini yeye..."

"Bwana Tope? Mzima?"

"Mzima."

"Nisalimie sana. Katika maghala yote niliyofanya kazi, hakuna aliyefunika tope kama yeye."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo liliniuma. Angekuwa mbaya ningepata wa kumlaani, nikarudi mezani nimeshiba hasira. Badala yake nilirudi na salamu mkononi.

Nikaenda mbele ya benchi. Na mimi, msema kweli wa ukoo, nikafungua mdomo: "Nimeongea na Profesa. Anaumwa kidogo, ndiyo maana. Amesema anakukumbuka sana, na mwakani Mungu akipenda anakuja kukuona. Wewe, si tope."

Mjomba aliniangalia jinsi alivyoiangalia ile picha ya kijivu, taratibu, kutoka juu hadi chini.

"Mwanangu, hajasema hivyo."

Niliinama kuokota kikombe chake.

"Alikuwa anakuja kwa ajili ya tope," alisema. "Mwaka wa kwanza tu nilijua. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa, na hicho kimoja nilikuwa nimempa kikiwa kichwa chini. Ndiyo maana nilimwambia."

Nikakiweka kikombe chini, nikaketi kando yake kwenye benchi la wageni, tukawa tunatazama mlango pamoja mpaka mlinzi alipokuja kuufunga.